Kunywa uraka Mtwara msimu wa mabibo: hatua kwa hatua

Mgeni anayefika Mtwara mwezi wa Novemba akaishia kwenye bia ya chupa amepitwa. Uraka ni maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyochacha yenyewe, bila hamira wala sukari, na utamu wake haumalizi siku mbili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kilabu kiko wapi, uliza umekamuliwa saa ngapi.

1. Msimu. Mabibo huanguka kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba. Ukija Aprili ukaletewa "uraka", usinywe. Bibo likishaanguka huharibika ndani ya siku moja, kwa hiyo hakuna aliyekuwekea akiba.

2. Saa. Uliokamuliwa jioni, asubuhi unanywika: mtamu, povu jepesi, haujakolea. Mchana umepanda. Jioni utamu umekwisha, umebaki ukali. Kesho yake unaelekea siki, maana hewa na vijidudu hugeuza kilevi kuwa siki. Anayeanza aende saa nne asubuhi. Wazee wanaopenda mkali watakucheka, waache wacheke.

3. Mahali. Tafuta kilabu kilicho jirani na wanaokamua. Ukitaka kuunganisha na matembezi, Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, daladala zipo. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekaa mlimani juu ya mji. Lione kwanza, unywe baadaye. Ule mteremko haupendi mtu aliyekwisha kuonja.

4. Kagua kabla ya kulipa. Piga hodi, msalimie mama muuzaji, omba kuonja. Uraka mzuri una rangi ya ukungu wa manjano, unanukia bibo, na vipovu vidogo vinapanda pembeni mwa kikombe. Ukiwa mwepesi na hauna harufu, umetiwa maji. Ukichoma pua, umelala. Tazama pia ndoo: mfuniko upo? Nyuki na nzi wanaupenda uraka kuliko wewe.

Ule ukakasi unaokausha ulimi si ubovu, ni wa bibo lenyewe. Ila ukikwaruza koo mpaka ukohoe, mabibo mabichi yalichanganywa na yaliyoiva, au machicha hayakuchujwa vizuri.

5. Kunywa. Uliza bei ya kipimo, maana jagi la huyu si jagi la yule. Anza na nusu lita, kaa nusu saa. Utamu hudanganya: unadhani unakunywa juisi, kumbe bado unachacha. Kula kwanza: muhogo, samaki wa kukaanga, ming'oko (viazi vya porini) ukiikuta. Usivae shati jeupe. Doa la bibo hugeuka kahawia na halitoki.

Maswali ya wanachama

*Swali: Wakuu, naweza kubeba lita tano kwenye basi mpaka Dar?*
Unaweza, lakini utaoga. Uraka unaendelea kutoa gesi njiani. Dumu lililofungwa kwa nguvu huvimba na mfuniko kuruka. Ukilegeza kifuniko, unamwagika kwenye mizigo ya watu. Na ukifika salama, umeshakuwa mchungu. Kunywa hukuhuku.

*Swali: Nimeletewa kitu cheupe kama maji wakasema ni uraka wa daraja la juu.*
Hiyo ni nipa, kaka, yaani gongo ya mabibo. Imepikwa na kukingwa mvuke, mara nyingi kwa kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa. Utengenezaji wa gongo bila leseni ni kosa kisheria, na kwa macho huwezi kujua kama ina sumu ya methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Uraka hauwi mwangavu. Rudisha.

*Swali: Niko kwenye dozi ya metronidazole, kikombe kimoja tu?*
Hapana, dada. Dawa hiyo na kilevi chochote vinaweza kukuletea kichefuchefu, kutapika na moyo kwenda mbio. Maliza dozi, kisha subiri siku tatu.

*Swali: Nikikamua mwenyewe nyumbani nakosea wapi?*
Wengi wanakosea kwenye korosho. Itoe kwanza, isipondwe pamoja na bibo, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na mdomo. Kisha osha mabibo, ponda, kamua kwa kitambaa safi, weka kwenye chombo cha plastiki au udongo, si cha bati. Funika kwa kitambaa, usikaze mfuniko. Ukikamua saa kumi na mbili jioni, onja saa moja asubuhi.