Babu Amesoma, Hajajibu: Namna ya Kumfungulia Mzee Mazungumzo Kundini

Kundi la WhatsApp la mababu na nyanya huamshwa na kina nyanya tangu alfajiri: dua, picha za wajukuu, habari za mgonjwa. Wazee wa kiume wamo, majina yao yaonekana, lakini kimya. Kabla hujasema hawajali, angalia kama wanasoma. Bonyeza na ushikilie ujumbe uliotuma mwenyewe, kisha fungua taarifa zake. Utaona majina ya waliousoma. Hata aliyezima alama za buluu kwenye simu yake, kundini huonekana. Ukikuta jina la mzee limo, jua anafuatilia, na kuna kinachomzuia.

Hapa Mombasa kizuizi kikubwa huwa ni staha, na wanaounda makundi huisahau. Mzee ametiwa pamoja na mke wa mwanawe, mama wa mkwe wake, na majirani wa kike kuanzia Majengo hadi Likoni. Neno ambalo barazani angelitoa bila kufikiri, kundini hulipima mara tatu kisha akalifuta. Akiandika tu "nimemkumbuka mjukuu wangu" mbele ya mkwe, laweza kusomeka kama lawama kwamba mtoto haletwi. Kwa hivyo anaona heri anyamaze.

Dawa yake ni kundi dogo la pembeni. Chukua wazee sita hadi wanane, wale ambao tayari hukaa baraza moja baada ya alasiri na wanajuana kwa utani. Usiwatoe kwenye kundi kubwa. Waombe ruhusa mmoja mmoja kwanza, na msimamizi mmoja awe mzee mwenzao. Kijana akiwa msimamizi peke yake, wao huwa kama wageni kwenye nyumba ya mtu.

Kisha ishike simu ya mzee yenyewe, ukiwa umekaa naye. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya mazungumzo, weka maandishi makubwa. Nenda sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha, sauti, video na faili unaofanyika wenyewe. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani: anayenunua bando la siku moja huweza kumaliziwa na video za salamu za Ijumaa kabla ya adhuhuri, naye akazima data hadi kesho. Akiiwasha tena, mazungumzo yamempita, na mtu mzima haoni vyema kujibu jambo la jana.

Usimlazimishe kuandika. Mfundishe ujumbe wa sauti: ashikilie kipaza sauti, ateleze kidole juu mpaka kwenye kufuli, aachilie, aseme kwa nafasi yake. Akimaliza, asimamishe kwanza ajisikilize. Asiporidhika, kuna pipa la taka. Wengi hutulia wakishajua hilo pipa lipo. Mwonyeshe pia kwamba kilichokwisha kutumwa chaweza kufutwa kwa wote ndani ya siku mbili. Jaribuni mara tatu, wewe na yeye tu.

Sasa swali. "Babu, mbona kimya?" mbele ya watu huua kila kitu, kwa sababu limemfanya ajieleze. "Habari za leo?" nalo hupata "njema" basi. Uliza jambo ambalo mkono wake unalijua. Kwa aliyefanya kazi ya majahazi, ya kuziba mianya ya mbao kwa pamba: "Shikamoo babu. Pamba ya kalfati huanza kutiwa upande gani, na mtu ajuaje kwamba imeshika?" Kwa aliyekuwa bandarini Kilindini: magunia yalibebwaje kabla ya makontena? Swali moja, kwa mtu mmoja, kwa jina lake. Mpe siku nzima.

Akijibu, hapo ndipo wengi huharibu. Mzee amesema dakika nne kuhusu pamba na nyundo, akarudishiwa kidole gumba na stika tano, kisha likamwagika tangazo la harusi. Hatarudia. Msikilize hadi mwisho, uvute ujumbe wake ule ule kulia, umjibu kwa kutaja kitu alichokisema: "Hiyo patasi butu, hunolewa hata kidogo?" Asisahihishwe jina wala mwaka mbele za watu, kama amekosea, mwambie faraghani.

Upo ukimya mwingine usiofaa kuguswa kundini kabisa: mzee aliyefiwa na mkewe karibuni, au ambaye wajukuu wamezuiwa kuja kwake kwa ugomvi wa wazazi. Picha za watoto wa wenzake humchoma, na kumtaja ni kumwanika. Huyo mpigie simu, au mwendee baada ya Maghrib, mwagize kahawa chungu, mkae ubavuni mwake mkitazama njia. Akitaka kulisema, atalisema.