Kabla Hujamkimbiza Hospitali Aliyeumia Kichwa

Haya yajue leo ukiwa umetulia, hasa kama unaishi mbali na hospitali kubwa. Ajali ikishatokea kila mtu anatoa amri yake, na anayeumia ni mgonjwa.

Shingo. Kila aliyeumia kichwa mhesabu kuwa ameumia na shingo mpaka daktari aseme sivyo. Mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, na mtu mmoja kazi yake iwe kushika kichwa tu. Kumpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia, ni kumwongezea jeraha.

Hewa. Asiye na fahamu alazwe ubavu, ulimi na matapishi visimzibe. Ubongo uliogongwa hauvumilii kukosa oksijeni wala presha kushuka.

Damu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, isipokuwa pale unapohisi mfupa umebonyea. Hapo funika tu. Majimaji yakitoka puani au sikioni, usizibe.

Asile, asinywe, na msimpe aspirini.

Sasa lile ambalo wengi hawaliwazi: jua mapema ni hospitali ipi yenye CT scan, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, na daktari wa kupasua kichwa, kisha piga simu kabla gari halijawashwa. Nimeona kijana akizungushwa. Alianguka na pikipiki jioni, akazimia kidogo, akazinduka, akawa anauliza pikipiki yake iko wapi. Kwenye kituo cha afya walimshona, wakamwandikia rufaa. Ndugu wakampeleka hospitali ya karibu. Mashine ilikuwa mbovu. Wafanyakazi wote wa pale walijua, waliotoka nje hawakujua. Hapo akaanza kutapika na kusinzia. Wakamkimbiza ya pili. Huko picha ikapigwa, damu ikaonekana imevia kati ya fuvu na utando wa ubongo, lakini wa kuitoa hakuwepo. Alipofika ya tatu mboni ya jicho moja ilikuwa imetanuka, haisinyai hata ikimulikwa. Alifanyiwa upasuaji, akaishi, ila mkono na mguu wa upande mmoja havikurudi kama zamani. Inauma kwa sababu damu ya aina ile ikiwahi kutolewa, mtu huweza kupona kabisa. Ile hospitali ya tatu ilikuwapo tangu mwanzo, na simu ingewapeleka huko moja kwa moja.

Kwa hiyo uliza: mashine inafanya kazi sasa hivi? Daktari wa upasuaji wa ubongo yupo, au anaweza kuitwa usiku huu? Oksijeni ipo? Chukua jina la aliyekujibu. Usikubali jibu la “njooni tu tutaona”.

Msidanganyike pia na mgonjwa anayeongea vizuri. Mshipa uliopasuka chini ya fuvu unaweza kuvuja polepole kwa saa kadhaa, naye akionekana mzima, kisha akazimika ghafla. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika tena na tena, kuchanganyikiwa, degedege, mkono kulegea, mboni kutolingana: lolote kati ya haya ni safari, hata usiku wa manane.

Chukua karatasi. Andika saa ya ajali, kama alizimia, alitapika saa ngapi, lini alianza kuongea ovyo. Wahudumu hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15. Kuanzia 8 kushuka hali ni mbaya sana. Alama moja peke yake haisemi mengi. Kinachomshtua daktari ni kuona alikuwa 14 kituoni na sasa ni 10, kwa hiyo dai alama ziandikwe kwenye rufaa pamoja na saa. Saa ya ajali ina kazi nyingine: dawa ya kupunguza uvujaji, asidi ya traneksamiki, kwa majeraha ya kichwa hutolewa ndani ya saa 3 za kwanza. Bila saa iliyoandikwa, daktari atabaki kukisia.

Anayenuka pombe msimwache “alale ataamka”. Pombe na ubongo unaovuja damu vinafanana mno. Mzee, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hata kama aligonga kichwa kidogo tu, kwani kwa wazee damu huweza kujikusanya kwa wiki kadhaa kabla ya kuonyesha dalili. Mtoto mchanga anayelia bila kunyamazika, au anayekataa kunyonya, msisubiri asubuhi. Na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani asilale peke yake usiku huo. Amshwe, aulizwe jina lake, aulizwe yuko wapi.