Ndama aachishwe maziwa kwa anachokula, si kwa kalenda

Ndugu zangu mnaofuga ng'ombe wa maziwa bandani huku Marangu, Kibosho na Machame, msimwachishe ndama maziwa kwa sababu tu ametimiza miezi mitatu. Angalieni anakula nini. Akimaliza takribani kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku tatu mfululizo, yuko tayari, hata akiwa na wiki nane au tisa tu. Akiwa bado ananusanusa na kuacha, subirini.

Sababu iko tumboni. Maziwa hupita moja kwa moja hadi tumbo la nne, na lile la kwanza, la kuchachusha majani, hubaki dogo. Linalolikuza ni nafaka na maji. Basi tangu wiki ya kwanza mwekee mahindi ya kuparaza, pumba na mashudu ya alizeti, mwanzoni konzi moja tu, uongeze kadiri anavyokula, ibadilishwe kila siku, na maji safi kwenye ndoo. Maji ndiyo watu husahau, wakidhani maziwa yanatosha. Hayatoshi, kwani hayafiki kwenye tumbo hilo.

Mgomba uliokatwakatwa mpe mama yake. Ndama utamjaza maji matupu, na inauma kuona ndama mzuri akidumaa kwa jambo dogo hivyo.

Wakati ukifika, ondoa kwanza maziwa ya jioni, na baada ya wiki moja, yale ya asubuhi. Siku hizo usimhamishe banda wala kumchoma pembe ili zisiote.