SOMO: Shoti na miondoko ya kamera kwa wanafunzi mnaoanza video

Habari zenu wadau. Mfano wetu leo ni mmoja, fundi cherehani anayeshona kibarazani, maana yupo kila mtaa na kazi yake ina mengi ya kuonyesha. Muombe ruhusa kwanza.

1. Futa lenzi, shika simu kwa mlalo, gandamiza kidole juu ya uso wa fundi mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni wa hezi 50 kwahiyo ukiweka vingine taa za tyubu zinaweza kupepesa kwenye video.

2. Shoti ni kila kipande unachorekodi. Anza na shoti ya mbali, baraza lote na vitambaa vilivyotundikwa, mtu ajue yuko wapi. Sogea upate shoti ya kati, kiunoni mpaka kichwani, na acha nafasi kubwa upande anaoangalia. Halafu klozapu, yaani shoti ya karibu kabisa, na hapa ndo msifanye uchoyo kabisa: sindano ikipanda na kushuka, vidole vikisukuma kitambaa, mguu kwenye pedeli, chaki ikichora, macho yake. Kila moja ishike sekunde 10, hata ukihisi imetosha we shika tu, maana wengi wanarudi na shoti za mbali tupu na wakikaa kuediti hawana pa kukatia.

3. Miondoko sasa. Pani kamera inageuka kushoto au kulia, tilti inabaki palepale ila inaelekea juu au chini, traki kamera yenyewe inatembea. Tulia sekunde 3, ondoka taratibu, fika, tulia tena 3. Na uwe na sababu! Tilti toka mguu unaokanyaga pedeli mpaka sindano inaeleza kitu, pani ya ukuta mtupu haielezi chochote. Zumu ya kuvuta kwa vidole iacheni, inaua ubora, sogea kwa miguu.

MASWALI

Swali: Mwalimu mi sina stendi, nafanyaje?
Jibu: Bana viwiko mbavuni, egemea nguzo. Kwenye pani elekeza miguu kule unakomalizia, kisha pinda kiuno urudi unakoanzia, ukirekodi mwili unajikunjua wenyewe na picha haitetemeki sana.

Swali: Tumemrekodi fundi akiongea na mteja, tukiunganisha wote wanaangalia upande mmoja kama hawaongei wao kwa wao, shida nini mkuu?
Jibu: Mmevuka mstari. Chukulia kuna mstari toka kwa fundi kwenda kwa mteja, shoti zote zipigwe upande mmoja wa huo mstari. Kama mmesharekodi, chomekeni klozapu ya sindano katikati, itapunguza huo mruko.

Swali: Akiwa amekaa nimpige nimesimama?
Jibu: Hapana dada, ukimpiga toka juu anaonekana mdogo. Chuchumaa, lenzi ilingane na macho yake.