Gari yako ya Japani na ile bateni ya "kujiendesha": namna ya kuitumia Mombasa bila kuvunja bampa

Ami yangu mmoja alishusha Nissan Serena hapa bandarini, gari safi wallahi, ndani bado yanukia Japani. Siku ya pili kanipakia twaenda Changamwe, tulipofika Kibarani akafinya ile bateni ya buluu kwenye usukani, akaachia mikono yote miwili, akafungua karatasi ya mahamri. "Mwanangu, tazama, hii yajua njia yenyewe." Haikupita hata dakika, ikaanza tii tii tii, kale kapicha ka usukani kwenye dashibodi kakageuka kijivu, na tuk-tuk ya pembeni ishaingia mbele yetu bila indiketa. Ami kakamata usukani na hamri bado liko mdomoni. Nikamwambia, ami, hii gari yakusaidia tu, haikuendeshi. Hakunijibu mpaka tukafika.

Tangu hapo watu wa mtaani wananiuliza maswali yale yale kuhusu hii bateni, kila mwenye Forester, X-Trail, Harrier, Fielder, kwa hivyo naandika mara moja hapa nipumzike.

Kabla hujafinya kitu chochote

Gari za kujiendesha zinapimwa kwa daraja, kutoka 0 mpaka 5, ni kipimo cha jumuiya ya mainjinia wa SAE wa Marekani, kilitoka 2014. Daraja la 1 gari yashika kitu kimoja, ama mwendo ama usukani. La 2 yashika vyote viwili lakini wewe ndio dereva, macho barabarani, mikono tayari, na ukigonga umegonga wewe. Kuanzia la 3 ndio gari yaweza kukwambia haya tulia, mimi naangalia. Honda ndio walitoa ya kwanza ya namna hiyo Japani, Machi 2021, Legend, gari 100 tu tena za kukodisha. Kwa hivyo muuzaji wa yadi akikwambia "hii bro inajiendesha", muulize kwani ni Legend? Hizi zote tunazoendesha huku ni la 1 ama la 2, nyengine hazifiki hata hapo, zina breki ya dharura, ile inayojifunga yenyewe, na kengele za kukuamsha basi.

Sasa toka nje ya gari uiangalie usoni. Nasema kweli, toka. Wataka kujua ina macho ya aina gani, maana kila jicho lina ugonjwa wake.

Subaru yenye EyeSight, ndio jina la mfumo wao, utaona kamera mbili juu ya kioo cha mbele, huku na huku ya kioo cha kuangalia nyuma. Inaona kama binadamu, kwa macho mawili inapima umbali, na kama binadamu jua likiipiga usoni haioni. Ndio maana ukitoka Nyali jioni kuingia kisiwani, jua liko mbele yako, utaona imezima yenyewe na imeandika kitu kwa Kijapani. Haijaharibika, usikimbilie kwa fundi.

Nissan za mwanzo zenye ProPILOT, mfumo wao wa kushika mwendo na usukani, ile Serena ya Agosti 2016 na X-Trail ya mwaka uliofuata, zina kamera moja. Yataka ione mistari miwili ya leni, wa kushoto na wa kulia. Mstari mmoja umefutika? Usukani inakuachia. Chini ya 50 kwa saa ndio mbaya zaidi, hapo haikushikii usukani mpaka kuwe na gari mbele ya kuifuata. Sasa niambie Kibarani mistari iko wapi.

Toyota hapo watu wanachanganya sana. Mfumo wao ni Safety Sense, tangu 2015 kulikuwa na mbili, C na P. C ndio ya gari ndogo, Fielder, Axio, Vitz, utaona kiboksi tu pale juu kwenye kioo, ndani mna leza na kamera. Hio ina breki ya dharura na kengele ya ukitoka leni, haifuati gari ya mbele, usitafute bateni yake utachoka. P ina kamera juu na rada imejificha nyuma ya nembo ya mbele. Kwa hivyo we unayeng'oa nembo ya Toyota uweke ile nyeusi ya dukani, au wafunga yale mavyuma ya mbele ya kujigamba, umeifunga gari kitambaa machoni kisha walalamika haioni.

Na pale kwenye kioo cha kuangalia nyuma. Sisi watu wa Pwani hapo ndio pa kutundika kila kitu, tasbihi, kikuba cha asumini, marashi ya chupa. Sina tatizo na asumini jamani, lakini ikibembea mbele ya kamera gari haitofautishi kikuba na lori. Tundika kwengine. Hata kile kitambaa cheupe cha dashibodi toa, mwanga wake unarudi kwenye kioo na kamera zinachanganyikiwa. Na waipa mbovu inayoacha michirizi badilisha, ni pesa kidogo.

Ukiegesha juani Mama Ngina masaa mawili ukila kachri, ukirudi ukawasha ukute taa ya onyo, subiri. Kamera imepata joto tu. Washa AC, ikipoa itarudi.

Lugha ya Kijapani isikutishe, chukua simu, fungua programu ya kutafsiri kwa kamera, elekeza kwenye dashibodi. Piga picha kila ujumbe na uweke, mimi nina albamu nzima.

Wapi pa kujaribia

Sio Digo Road. Nenda Dongo Kundu Jumapili asubuhi mapema, ile barabara bado mistari yake yaonekana na boda boda ni wachache. Anza na kruzi peke yake, ile ya kushika mwendo na kufuata gari ya mbele, weka 60, fuata gari ambayo haina haraka, halafu usiguse mafuta, weka mguu juu ya breki uone inavyopunguza ukimkaribia mwenzio. Weka nafasi ile kubwa kabisa kwanza, kuna bateni yenye picha ya gari na vistari, ukifinya vistari vinaongezeka na kupungua. Ukishaizoea ndio uwashe ya usukani, mikono iwe juu, uisikie inavyovuta. Inavuta kidogo kidogo, kama mtoto anayekushika kanzu. Kuna kona ambazo inakata tamaa katikati, na ndio unataka kujua hilo ukiwa Dongo Kundu na sio ukiwa Mtito usiku.

Breki ya dharura USIIJARIBU. Usimsimamishe mdogo wako mbele. Usiweke boksi wala ndoo. Hizi zimefundishwa maumbo ya mgongo wa gari na ya mtu, boksi yaweza isilitambue kabisa ukavunja bampa, na mtu ndio usithubutu.

Na hapa nisimame kidogo maana ndio penye roho ya mambo. Machi 2018 kule Tempe, Arizona, gari ya majaribio ya kujiendesha ya Uber, aina ya Volvo, ilimgonga na kumuua mama aliyekuwa anavuka barabara usiku akisukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta gari ilimwona, sekunde kadhaa kabla, lakini ikawa yabadilisha mawazo, mara ni gari, mara ni kitu tu, mara ni baiskeli, na kila ikibadilisha yaanza hesabu upya huyu anaelekea wapi. Haikuwa imefundishwa kwamba mtu aweza kuvuka pasipo na kivukio. Ile breki ya dharura ya kiwandani ya hio Volvo walikuwa wameizima, na dereva wa kusimamia alikuwa anaangalia simu. Sasa wewe fikiria Kongowea saa kumi na mbili asubuhi. Mkokoteni wa viazi unakuja kinyume, hamali ameinama haonekani kichwa, nyuma yake mama na beseni la samaki, mbuzi. Mtu na baiskeli tu vilishinda gari ya majaribio ya Marekani, itakuwa mkokoteni na gari yako ya kawaida? Kwa hivyo mjini nakushauri acha breki ya dharura iwe ON, ikusaidie siku umesinzia, lakini kruzi na usukani zima. Hata hivo kruzi mjini ni vita tupu, inaacha nafasi, tuk-tuk inaingia, inaacha nyengine, matatu inaingia, mpaka Buxton unarudi nyuma badala ya kwenda mbele na watu wanakupigia honi.

Ferry ya Likoni ndio pahali pekee pa kuzima hata breki ya dharura. Ile ngazi ya kuteremkia imeinama, watu wanapita mbele huku na huku, na wale jamaa wa ferry wanakupungia songa, songa, mpaka bampa iguse bampa. Gari inaweza kufunga breki ghafla katikati ya ngazi, aliye nyuma yako akuingie. Subaru bateni iko juu darini karibu na taa, shikilia kama sekunde mbili. Nyengine iko kwenye usukani ama ndani ya menyu. Ukifika ng'ambo washa tena, nyingi zinarudi zenyewe ukizima na kuwasha injini.

Barabara ya Nairobi

Hapa kruzi ni tamu, mguu hauchoki, lakini kuna mtego mmoja. Rada ni hodari kwa kitu kinachotembea. Kilichosimama kabisa, na we unakwenda 100, nyingi zinakipuuza makusudi, kwa sababu kila kibao, nguzo, daraja na kichaka vyote vimesimama, ingekuwa yafunga breki kwa kila kimoja usingefika Mariakani. Sasa lori limeharibika usiku, halina taa, na onyo ni matawi tu yametupwa lami. Hilo ndilo gari yako haitaliona, ama italiona muda umekwisha. Usiku mimi situmii kabisa. Mchana natumia mpaka nikiona foleni ya mizani, hapo nazima.

Kioo cha mbele kikipasuka usibadilishe popote tu. Changu kilipasuka na jiwe, nikapeleka mahali sipataji, kazi nzuri bei poa, ila hakuna aliyepima kamera upya. Wiki nzima gari ilikuwa yanivuta upande mmoja na kulia ovyo. Kamera ikihama hata kidogo, mbali huko hesabu imepotea kabisa. Muulize fundi kabla: una mashine ya kupima kamera? Akicheka ondoka.

Na hizo za kujiendesha kweli?

Zipo. Ilianza kama kichekesho, 2004 wizara ya ulinzi ya Marekani kupitia DARPA, kitengo chake cha utafiti, waliweka dola milioni 1 kwa gari itakayovuka jangwa la Mojave, karibu kilomita 240, iliyofika mbali ilifika kama 12 tu. Mwaka uliofuata zikamaliza tano. Google wakaingia 2009, ndio leo Waymo, na tangu 2020 watu wa Phoenix wanapanda teksi isiyo na dereva. 2025 wamepeleka gari zao Tokyo, na madereva ndani, kuchora ramani.

Tokyo ndio inatuhusu sisi. Sheria yetu ya gari isizidi miaka minane maana yake cha Japani cha leo kitateremka Kilindini baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo ukitaka kujua utaendesha nini baadaye angalia kinachouzwa kule sasa. Tayari Skyline ya 2019 yenye ProPILOT 2.0 imeingia kwenye umri wa kuletwa, na kule kwao yaruhusu kuachia mikono kwenye highway. Wauzaji watakutoza juu kwa hilo. Usilipe. Ile ya kuachia mikono yategemea ramani ya kina iliyochorwa kwa highway za Japani, sentimita kwa sentimita, hapa hio ramani haina Mariakani wala Voi, utabaki na kruzi na usukani wa kawaida kama wa Serena ya ami. Hata ile Legend ya daraja la 3 ni hivo hivo, yataka ramani, tena ilikuwa ya kwenye foleni ya highway tu, mwendo wa chini. Muulize muuzaji iwashwe hapo hapo, muende nayo Dongo Kundu kabla hujatoa pesa, na akisema "itafanya ukiizoea", nenda yadi ya pili.