Jiko la kopo na vumbi la mbao

Gesi ikiisha usiku na mvua ya masika imefunga njia, mimi sihangaiki. Ninalo kopo la rangi la lita 4 na gunia la vumbi la mbao kutoka kwa seremala wetu hapa Makorora, ambaye angelitupa tu.

Toboa kopo ubavuni, chini karibu na kitako, tundu la kupita mpini wa jembe. Lichome tupu uwanjani mpaka rangi iishe. Moshi wake mbaya, watoto wakae mbali.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Simamisha chupa ya soda ya kioo katikati, kichwa chini, na upitishe kipande cha mpini tunduni mpaka kiiguse. Mimina vumbi kavu kidogo kidogo, kila tabaka ulishindilie kwa mchi mpaka ukibonyeza kwa kidole halibonyei. Ukilegeza, litaporomoka na moto utakufa, nawe ndio kwanza umebandika maharage. Likijaa, zungusha chupa taratibu huku unaivuta juu, kisha chomoa mpini.

Weka mawe matatu juu, sufuria isizibe tundu. Washa karatasi kwa chini. Moto ukishika hauhitaji kupepewa. Ukitaka kuupunguza, ziba nusu ya tundu la chini kwa kijiwe.

Mkienda kupiga kambi ufukweni Pangani, lishindilieni hukohuko, maana njiani hutikisika likamomonyoka. Na lisiwashwe ndani wala hemani, shoga: hewa yake ya sumu haina harufu.