Mkaa amilifu wa vifuu vya nazi kwa asidi ya fosforasi

Huku pwani vifuu vingi huishia jikoni kama kuni, ilhali ni malighafi bora kabisa ya mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vidogo sana vinavyonasa uchafu: ni vigumu, vina lignini nyingi (kitu kinachoipa miti ugumu) na majivu machache. Ila ukivichoma tu, unapata mkaa wa kawaida, ambao vinyweleo vyake (vile vitundu vidogo) ni vichache na vingi vimezibwa na lami. Lazima vifunguliwe. Mvuke huvifungua kwenye nyuzijoto 800 hadi 1,000 za Selsiasi, na huo ni umeme mwingi. Kloridi ya zinki hufanya kazi kwenye joto la chini, lakini maji yake ya kuoshea ni sumu kwa samaki. Mimi nachagua asidi ya fosforasi: nyuzi 450 zinatosha, na asidi nyingi unaipata tena.

Kazi hii ni ya maabara, si ya nyumbani. Vaa miwani na glavu, na tanuri liwe chini ya kifyonza moshi.

1. Andaa vifuu. Kwangua makumbi yote, osha, anika, kisha twanga na uchekeche upate punje za milimita 1 hadi 2.

2. Loweka. Kwa gramu 100 za punje, pima gramu 175 za asidi ya asilimia 85. Mimina asidi kwenye maji, kamwe usifanye kinyume chake. Maji yawe ya kutosha kufunika punje utakazotia humo. Acha usiku kucha, kisha kausha kwenye nyuzi 110.

3. Choma. Tia kwenye chombo cha kauri chenye mfuniko. Pandisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 450, shikilia saa moja. Hapa asidi inaunganisha nyuzi za kifuu na kuziacha zimetanuka. Ukiiosha baadaye, mahali ilipokuwa panabaki vinyweleo. Ukizidisha joto sana, umbo hilo husinyaa. Usifungue mpaka tanuri lipoe kabisa, kwani mkaa wa moto ukikutana na hewa huwaka.

4. Osha. Wengi huharakisha hapa, na hapa ndipo njia hii inapostahili kuitwa rafiki wa mazingira au isistahili. Osha mara ya kwanza kwa maji ya moto machache, na uyahifadhi: ndiyo yenye asidi nyingi. Yachemshe yapungue, pima ukali wake, uyatumie kulowekea fungu linalofuata. Endelea kuosha hadi pH (kipimo cha uasidi) ifike 6 au 7. Maji ya mwisho yatie chokaa. Fosfati ya kalsiamu itatuama chini kama tope jeupe. Usimwage asidi mtaroni.

5. Kausha na upime. Kausha kwenye nyuzi 110. Andaa chupa mbili, kila moja na mililita 50 za rangi ya bluu ya methilini, miligramu 100 kwa lita. Saga mkaa wako, utie gramu 0.1 kwenye chupa moja. Nyingine itie kiasi kilekile cha mkaa wa kawaida wa kifuu, uliosagwa vilevile. Tikisa saa mbili, chuja. Mkaa mzuri huacha maji karibu meupe, na chupa ya pili hubaki na bluu ya wazi.

Mkaa huu hunasa rangi, harufu na mabaki ya viuatilifu. Hauondoi chumvi, hauui vijidudu, wala hautoshi kwa floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi) kama ya maji ya Arusha. Kwa floridi tafuta mkaa wa mifupa.